Mtoto Asiyeaminiwa: Uhakiki wa Uigizaji wa Bobby Driscoll katika Filamu na Televisheni

1. Utangulizi

Katika historia ya sinema ya Marekani ya katikati ya karne ya 20, jina la Bobby Driscoll hutajwa zaidi kwa sababu ya kifo chake kuliko kwa sababu ya kazi yake. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1937 mjini Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alikabidhiwa tuzo ya Academy iliyotengewa waigizaji watoto. Alipokuwa na miaka 16 mkataba wake na studio ya Walt Disney ulikatizwa. Alipokuwa na miaka 31 maiti yake ilikutwa katika jengo lililohamwa jijini New York, akazikwa bila jina. Wasimulizi wengi huyapanga matukio haya kama ngano ya maonyo: mtoto alipanda upesi, akaanguka upesi, na msomaji anatakiwa asikitike kidogo kisha afunge kitabu.

Makala haya yanaupinga usomaji huo. Hoja inayotetewa hapa ina sehemu tatu. Kwanza, Driscoll alikuwa msanii mwenye ufundi unaoweza kuchambuliwa kama ufundi wa mwigizaji yeyote mzima. Pili, kiini cha ufundi huo ni uhusiano wa mtoto na usikivu: mtoto anayesikiliza, na hasa mtoto anayesema kweli mbele ya watu wazima wasiomsikiliza. Tatu, kazi yake ilikatika wakati ufundi wake ulikuwa bado unakua, kwa kuwa kilichonunuliwa na studio kilikuwa umri wake. Mhakiki anayeihifadhi huruma na kuisahau sanaa humtendea marehemu kama alivyotendewa na waajiri wake, yaani humwona mtoto tu na kumkosa msanii.

Ili kuithibitisha hoja hiyo, zitachambuliwa filamu zake muhimu kuanzia mwaka 1946 hadi 1953, kisha itatazamwa kazi yake katika televisheni, na mwishoni utafanywa mlinganisho mfupi na waigizaji wengine walioanza utotoni.

2. Mkataba na umri

Familia ya Driscoll ilihamia California mwaka 1943 kwa ajili ya afya ya baba. Mwaka huohuo mtoto, akiwa na miaka sita, alipata nafasi ndogo katika filamu iitwayo Lost Angel. Mwaka uliofuata aliigiza utoto wa mmoja wa ndugu watano katika The Sullivans, filamu inayohusu ndugu halisi waliokufa pamoja wakati manowari yao ilipozamishwa katika bahari ya Pasifiki mwaka 1942.

Safari iliyofuata haiwezi kueleweka bila kueleweka kwanza jinsi studio za Hollywood zilivyofanya kazi wakati huo. Kwa kawaida mwigizaji mashuhuri hakuajiriwa kwa filamu moja. Alifungwa kwa mkataba wa miaka kadhaa uliogawanywa katika vipindi, na kila kipindi kilipokwisha studio ndiyo iliyokuwa na haki ya kuendelea naye au kumwacha. Mwigizaji mwenyewe hakuwa na haki hiyo. Kwa mtu mzima mpango huu ulikuwa mgumu. Kwa mtoto ulikuwa na hatari ya pekee. Seremala anapokaa kazini miaka mingi, ujuzi wake huongezeka na ujira wake nao huongezeka. Mwigizaji mtoto huongeza ujuzi huku akipoteza bei, kwa kuwa kila siku ya kuzaliwa kwake hupunguza kile kilichonunuliwa.

Walt Disney alikuwa amejijengea sifa kwa filamu za michoro. Vita Vikuu vya Pili vilipomfungia masoko ya Ulaya na kumwachia madeni, alianza kuchanganya michoro na waigizaji halisi, njia ambayo gharama zake zilikuwa nafuu zaidi. Driscoll na msichana aitwaye Luana Patten ndio waigizaji wa kwanza aliowafunga kwa mkataba wa muda mrefu. Jambo hili lina uzito katika uhakiki. Kabla ya hapo watendaji wa Disney walikuwa panya, bata na binti wa mfalme waliochorwa kwa wino, viumbe wasiozeeka wala kuvunja sauti. Mtoto mwenye damu na nyama aliingia katika nyumba iliyozoea viumbe wa namna hiyo.

3. Mtoto anayesikiliza: Song of the South (1946)

Filamu ya kwanza ya mkataba huo, Song of the South, ilizinduliwa mjini Atlanta mwezi Novemba 1946. Driscoll anaigiza Johnny, mvulana wa Kizungu anayepelekwa katika shamba la bibi yake huko Georgia wakati wazazi wake wametengana. Huko anakutana na Uncle Remus, mzee Mweusi anayemsimulia visa vya wanyama. Masimulizi yanatokana na vitabu ambavyo Joel Chandler Harris alianza kuvichapisha katika miaka ya 1880 baada ya kuzisikia hadithi hizo kwa watu waliokuwa watumwa.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuitazama filamu hii kwa jicho la karibu, kwa sababu mnyama mkuu wa visa hivyo ni Sungura, yule yule anayefahamika pwani na bara, na ambaye Katanga na Zambia humwita Kalulu. Kisa cha sungura anayenasa kwenye sanamu la lami ni ndugu wa ngano iliyoenea katika Afrika ya Kibantu, ambamo Sungura, baada ya kukataa kushiriki kuchimba kisima, anakamatwa na Kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni. Watu waliovushwa bahari kwa minyororo walimchukua mnyama huyo pamoja nao, kwa kuwa mnyonge anayemshinda mwenye nguvu kwa akili alikuwa mwenzao.

Filamu yenyewe iliisaliti asili hiyo. Inaonyesha maisha ya Weusi wa mashambani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kama maisha ya furaha na nyimbo, na chama cha NAACP, kinachotetea haki za Wamarekani Weusi, kiliilaumu tangu ilipotoka. James Baskett, aliyemwigiza Uncle Remus, hakuhudhuria uzinduzi katika mji uliokuwa chini ya sheria za ubaguzi. Alipewa tuzo maalumu ya Academy mwezi Machi 1948, akafariki mwezi Julai mwaka huohuo. Filamu haijauzwa kamwe kwa matumizi ya nyumbani nchini Marekani.

Lawama hizo ni za haki, na uhakiki wa uigizaji haukusudii kuzifuta. Hata hivyo, zinaacha nafasi ya kuuliza mtoto huyo alifanya nini mbele ya kamera. Alisikiliza. Katika masimulizi ya jadi, fanani hawezi kusimama peke yake, kwani hadhira inayoitikia ndiyo inayoifanya hadithi iwe hadithi. Driscoll anaitimiza kazi hiyo ya hadhira kwa uso wake. Baskett anaposimulia, mtoto hakonyezi macho kwa kamera wala hajioneshi, kama walivyofundishwa watoto wengi wa sinema ya miaka ya 1930. Macho yake yanamfuata msimulizi, midomo inafunguka kidogo kabla ya jambo kutokea, na cheko linakuja likiwa limechelewa, kama linavyochelewa kwa mtu aliyezama. Uzito wa Baskett kama fanani unategemea kwa sehemu usikivu huo.

Aidha, filamu hii inaanzisha muundo utakaojirudia katika kazi zake zote bora. Mama yake Johnny anamkataza mzee asimsimulie tena mtoto hadithi. Kwake hadithi ni chanzo cha uongo na utovu wa nidhamu. Mzee anapoondoka, mtoto anakimbia kumfuata kupitia zizi na kupigwa na fahali. Watu wazima wanaelewa thamani ya alichokisikia mtoto pale tu mtoto anapolala mahututi.

4. Mtoto asiyesikilizwa: The Window (1949)

Baada ya So Dear to My Heart, filamu ya mashambani kuhusu mvulana anayemlea mwanakondoo mweusi aliyekataliwa na mama yake, studio ya RKO ilimwazima Driscoll kwa ajili ya The Window, yaani Dirisha. Mwongozaji wake ni Ted Tetzlaff, na kisa kinatokana na hadithi fupi ya Cornell Woolrich. Ilikaa bila kuonyeshwa kwa muda baada ya Howard Hughes kuinunua RKO mwaka 1948, ikatolewa mwaka 1949. Hii ndiyo kazi yake kuu.

Fani yake ni sahili. Tommy Woodry anaishi na wazazi wake katika nyumba ya kupanga ya watu wa kipato cha chini jijini New York. Ana tabia ya kubuni visa, mathalani kwamba familia yake karibu itahamia katika ranchi. Usiku mmoja wa joto kali anakwenda kulala nje, kwenye ngazi ya chuma ya dharura, na kupitia dirisha la ghorofa ya juu anawaona majirani, mume na mke wa Kellerson, wakimuua baharia. Anamwambia mama, naye anasema ni ndoto mbaya. Anamwambia baba, naye anaona aibu kwa uongo wa mwanawe. Anakwenda polisi, nako hawaoni ushahidi. Mwishowe mama anampandisha ngazi hadi kwa muuaji ili aombe radhi, na kwa kitendo hicho cha malezi mema anawafahamisha wauaji nani aliyewaona.

Filamu inafunguliwa kwa kurejelea ngano ya Esopo ya mchungaji mdogo aliyezoea kupiga ukelele wa uongo kuhusu mbwamwitu. Mhakiki wa haraka ataridhika hapo na kusema kwamba dhamira ni hiyo: usiseme uongo, usije ukakosa kuaminiwa. Lakini maudhui ya filamu yanakwenda mbali zaidi ya ngano. Katika ngano, anayeadhibiwa ni mwongo na mtazamaji anakubaliana na wanakijiji. Katika The Window mtazamaji ameuona mauaji pamoja na Tommy tangu mwanzo. Kwa hiyo kila mtu mzima anayemkemea mtoto anamkemea mtazamaji pia. Swali linahama kutoka kwa msemaji na kuwaendea wasikilizaji: je, watu wazima wana njia gani ya kuutambua ukweli unapotoka katika kinywa wanachokidharau?

Hapa mazoea ya fasihi simulizi ya Kiswahili yanasaidia kuliona tatizo la Tommy kwa uwazi. Fanani wa Kiswahili kabla ya kuanza huitana na hadhira kwa maneno maalumu, na katika baadhi ya fomula hizo uongo hualikwa waziwazi uje. Mlango hufunguliwa, uongo huingia, na hadithi ikiisha mlango hufungwa. Hakuna anayemwita fanani mwongo, kwa kuwa wote wanaujua mpaka. Tommy ni fanani asiye na fomula. Anaishi katika jiji ambamo hakuna saa wala mahali palipotengewa hadithi, hivyo masimulizi yake yanachanganyika na taarifa za kawaida, na kila anapobuni anakopa kutoka katika akiba ya kuaminiwa kwake. Siku anapokuwa na taarifa ya kweli, akiba imekwisha.

Uigizaji wa Driscoll unaubeba mzigo huu wote. Mtoto mwenye kipaji kidogo angepaza sauti kadiri hofu inavyozidi. Driscoll anafanya kinyume. Mara ya kwanza anaposimulia aliyoyaona, maneno yanamtoka kwa haraka na mfululizo. Kila anapokataliwa, maneno yanapungua na sauti inashuka, hadi anapobaki na mwili tu: mabega yaliyoinuka, mgongo uliobanwa ukutani, jicho linalokwenda darini kila nyayo zinaposikika ghorofa ya juu. Huu ni uigizaji wa mtu anayejifunza kwamba lugha yake haina thamani. Katika tukio la kuombeshwa radhi, kamera inamwonyesha akiwa katikati ya wanawake wawili, mama anayempenda na jirani aliyeshiriki kuua, nao wote wanazungumza kwa upole uleule wa watu wazima. Mtoto ndiye pekee anayejua tofauti, na Driscoll anaionyesha tofauti hiyo karibu bila neno.

Mwishoni mwa filamu, baada ya kukimbizwa katika jengo bovu linaloporomoka, Tommy anaruka juu ya wavu ulioshikwa na wazima moto. Anaokolewa, na baba yake sasa anaamini. Ni mwisho wa furaha unaostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu mtoto haaminiwi kutokana na maneno yake. Anaaminiwa kwa kuwa jengo limeanguka na muuaji amekufa. Ushahidi ni maiti.

Tarehe 23 Machi 1950 Academy ilimpa Driscoll tuzo yake ya waigizaji watoto kwa kazi za mwaka 1949. Tuzo hiyo ilikuwa sanamu dogo kuliko lile la watu wazima. Ilianza kwa kupewa Shirley Temple kwa kazi za mwaka 1934, na ya mwisho ilipewa Hayley Mills kwa kazi ya mwaka 1960. Udogo wa sanamu unasema jambo kuhusu mtazamo wa enzi: sanaa ya mtoto ilitambuliwa, lakini katika daraja lake, kana kwamba haikuwa sehemu ya sanaa yenyewe.

5. Kukua mbele ya kamera: 1950 hadi 1953

Treasure Island, iliyotolewa mwaka 1950, ilikuwa filamu ya kwanza ya Disney kutengenezwa yote kwa waigizaji halisi. Ilipigwa Uingereza kwa fedha za studio ambazo hazikuruhusiwa kutolewa nchini humo baada ya vita. Huko ilibainika kwamba Driscoll hakuwa na kibali cha kazi. Shauri lilifika mahakamani, ikatozwa faini, na mwongozaji Byron Haskin akautumia muda wa rufaa kupiga kwanza sehemu za mtoto. Walioamua, walioshtakiana na waliolipa walikuwa watu wazima. Aliyekuwa akikimbizana na saa mbele ya kamera alikuwa mvulana wa miaka 12.

Pamoja na haraka hiyo, uigizaji wake wa Jim Hawkins umepevuka. Mwenzake ni Robert Newton, aliyemwigiza haramia Long John Silver kwa sauti na ishara kubwa kiasi cha kuweza kummeza mwigizaji yeyote aliye karibu. Driscoll hashindani naye kwa ukubwa. Anarudi kwenye silaha yake ya zamani, usikivu, lakini safari hii usikivu una shaka ndani yake. Katika tukio la kutoroka kwa Silver, haramia hawezi kumpiga risasi mtoto, naye mtoto, baada ya kusita, anamsaidia kuisukuma mashua iliyokwama mchangani. Uso wa Jim hapo unaonyesha upendo na hukumu kwa pamoja. Kuonyesha mambo mawili yanayopingana bila kulipoteza hata moja ni jambo gumu kwa waigizaji wa umri wowote.

Mwaka 1952, katika The Happy Time ya Richard Fleischer, alimwigiza Bibi, mvulana wa familia yenye asili ya Kifaransa huko Ottawa, anayeanza kubalehe na kuchanganyikiwa na hisia mpya. Filamu hii ni ushahidi muhimu ambao wasimulizi wa ngano ya maonyo huuruka. Inathibitisha kwamba balehe, ambayo studio iliiona kuwa ajali ya biashara, ilikuwa tayari imekuwa malighafi ya sanaa yake. Mwigizaji alikuwa anajua kukua mbele ya kamera. Kilichokosekana ni mwajiri aliyetaka kumwona akikua.

Kisha ikaja Peter Pan, mwezi Februari 1953. Kwa kawaida ya jukwaani tangu tamthilia ya J. M. Barrie ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1904, nafasi ya mvulana asiyekua iliigizwa na mwanamke mzima. Disney alimpa mvulana. Driscoll alitoa sauti, na pia alipigwa picha ili wachoraji waufuate mwonekano wake, hasa wa uso, huku mwingine, mcheza dansi Roland Dupree, akitumiwa kwa miendo. Sauti inayosikika ni ya kijana aliye kwenye kizingiti: ina majigambo ya mtoto na, chini yake, uzito kidogo wa mtu mzima anayekuja. Ndiyo maana Peter wa filamu hii anaonekana mkaidi kuliko mwepesi. Kukataa kwake kukua kunasikika kama jitihada.

Mwaka huohuo studio iliukatiza mkataba. Ngozi ya uso wake ilikuwa imeharibiwa na chunusi na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ni rahisi kuyaweka mambo haya mawili bega kwa bega, mvulana asiyekua na mvulana aliyeachishwa kazi kwa kukua, na kuyaita majaliwa. Mhakiki hana budi kulikataa neno hilo. Majaliwa hayana mwenye kuulizwa, ilhali kuachishwa kazi ni uamuzi wa kibiashara uliofanywa na watu waliokuwa na mkataba mkononi.

6. Televisheni na miaka ya mwisho

Driscoll alikuwapo televisheni ya Disney ilipozaliwa. Kipindi cha kwanza cha studio hiyo, One Hour in Wonderland, kilirushwa siku ya Krismasi ya mwaka 1950, naye alikuwa miongoni mwa watoto walioonekana ndani yake. Baada ya 1953 televisheni ikawa riziki yake kuu. Katika muongo huo vituo vya Marekani vilihitaji michezo mipya kila juma, na waigizaji wengi waliopoteza mikataba walipata humo kazi za siku chache. Alikuja kama mgeni wa juma moja, mara nyingi kama kijana mwenye matatizo, katika michezo mbalimbali, ikiwemo Rawhide mwaka 1959. Katika sinema alipata nafasi chache tu, ya mwisho kubwa ikiwa The Party Crashers ya mwaka 1958.

Televisheni ilikuwa na makali mawili kwake. Ilimpa kazi, lakini pia ilimleta mtoto aliyekuwa zamani akashindane na kijana wa sasa. Mwanzoni mwa 1955 Treasure Island ilionyeshwa katika kipindi cha kila juma cha Disney, na Jim Hawkins wa miaka 12 akaingia katika nyumba nyingi wakati mwigizaji wake, anayekaribia miaka 18, anatafuta kazi. Kwa mujibu wa taratibu za wakati ule, marudio kama hayo hayakumletea mwigizaji malipo. Mgomo wa waigizaji wa mwaka 1960 ulipata malipo ya marudio kwa filamu zilizotengenezwa tangu mwaka huo, na zile za zamani zikaachwa nje.

Mengine yanafahamika. Wazazi walimhamisha kutoka shule ya waigizaji na kumpeleka shule ya kawaida, ambako wanafunzi wenzake walimdhihaki kwa filamu zake. Alianza kutumia dawa za kulevya, akakamatwa mara kadhaa tangu mwaka 1956, na mwaka 1961 akafungiwa katika kituo cha kurekebishia waraibu cha Chino, California. Mwaka 1965 alihamia New York, akajiunga na kundi la wasanii waliomzunguka Andy Warhol, na mwaka huohuo akaonekana katika Dirt, filamu ya majaribio ya Piero Heliczer. Aidha, alitengeneza kazi za sanaa kwa kubandika vipande vya karatasi na picha. Miaka hii ya mwisho isipuuzwe, kwa kuwa inaonyesha mtu aliyeendelea kutafuta chombo cha kusemea baada ya kunyang'anywa cha kwanza.

Tarehe 30 Machi 1968 watoto waliokuwa wakicheza waliiona maiti yake katika jengo lililohamwa la mtaa wa East Village. Hakuwa na kitambulisho. Alizikwa katika kisiwa cha Hart, makaburi ya umma ya watu wasiodaiwa na jamaa. Alitambuliwa kwa alama za vidole mwaka 1969, mama yake alipokuwa akimtafuta kwa kuwa baba alikuwa mgonjwa mahututi. Umma ulifahamishwa miaka michache baadaye, Song of the South ilipokuwa ikionyeshwa upya katika majumba ya sinema.

7. Mlinganisho

Huenda ikasemwa kwamba hayo yote ni matokeo ya udhaifu wa mtu binafsi, na methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo huletwa hapa kama hukumu dhidi ya wazazi. Wajibu wa mtu na wa familia haukanushwi. Lakini mlinganisho unaonyesha kwamba mazingira ya kazi yalikuwa na sehemu kubwa.

Jackie Coogan, mtoto wa The Kid ya Charlie Chaplin (1921), alipokuwa mtu mzima aligundua kwamba mamilioni aliyoyachuma yalikuwa yametumiwa na mama yake na baba wa kambo. Aliwashtaki mwaka 1938 akapata sehemu ndogo tu. Kesi hiyo ilizaa sheria ya California ya mwaka 1939 ya kulinda mapato ya waigizaji watoto, sheria iliyokuwa na mianya hadi ilipoimarishwa mwaka 2000. Coogan mwenyewe alirudi kuwa mashuhuri katika televisheni, kwenye The Addams Family, kati ya 1964 na 1966. Sheria hiyo inalinda fedha. Haimlindi mtoto dhidi ya kupoteza ufundi wake siku umri wake unapokwisha.

Dean Stockwell, aliyezaliwa mwaka 1936 na kuigiza mvulana wa The Boy with Green Hair (1948), aliiacha kazi katika ujana wake kisha akairudia. Alishiriki tuzo ya uigizaji ya Cannes mwaka 1959, na aliendelea kuheshimiwa hadi uzeeni. Kwa hiyo kuanguka hakukuwa kanuni.

Mfano wenye kufundisha zaidi unatoka Ufaransa. Jean-Pierre Léaud alikuwa na miaka 14 François Truffaut alipompa nafasi ya Antoine Doinel katika Les Quatre Cents Coups, iliyotolewa mwaka 1959. Naye pia ni mtoto msema uongo asiyesikilizwa, ndugu wa karibu wa Tommy Woodry. Tofauti ilikuja baadaye. Truffaut alimrudia mwigizaji huyohuyo na mhusika huyohuyo mara nne zaidi, hadi L'Amour en fuite ya mwaka 1979, akamwacha Antoine apende, aoe, akosee na kuachana. Baisers volés, ambamo Antoine ni kijana anayetafuta kazi, ilitolewa mwaka 1968, mwaka uleule Driscoll alipozikwa bila jina. Huko mwongozaji aliufanya ukuaji wa mwigizaji kuwa maudhui ya kazi yake. Disney aliuona ukuaji kuwa mwisho wa mkataba.

8. Hitimisho

Imebainika kwamba kazi bora za Bobby Driscoll zimejengwa juu ya usikivu. Akiwa Johnny anasikiliza na kukatazwa kusikiliza. Akiwa Tommy anasema na hasikilizwi. Akiwa Jim anasikiliza huku akipima. Akiwa Peter anabaki sauti peke yake, mwili ukiwa wa wachoraji. Ni mwendo wa msanii aliyekuwa akipevuka katika somo moja, na The Happy Time inaonyesha kwamba somo hilo lilikuwa na sura nyingine zilizokuwa zikimngoja.

Kuna kishawishi cha kuisoma The Window kama utabiri: jengo bovu, mtoto, watu wasioamini, maiti. Usomaji huo haufai. Filamu haikutabiri chochote. Ni kazi ya mikono, iliyofanywa na mvulana aliyejua kwamba hofu ya kweli hupunguza maneno. Wajibu wa mhakiki ni kuirudisha mbele ya macho ya wanafunzi kama kazi, waipime, waikosoe ikibidi, na wajifunze kwayo. Driscoll alionewa huruma vya kutosha baada ya kufa, lakini bado hajatazamwa kwa makini ya kutosha. Mwanafunzi atakayeitazama tena sura yake anapopandishwa ngazi kwenda kuomba radhi kwa muuaji atakuwa amempa alichokuwa akikiomba Tommy tangu usiku wa kwanza.